Uyoga wa Koo Mbili

Jumamosi, 27 Septemba

Nimenyunyizia mifuko ya uyoga maji mara mbili. Mifuko ishirini na minne, inaning'inia katika kile chumba cha udongo kilichopakana na chetu hapa Kibera. Nimechuma karai nusu. Mama amepeleka kwa wateja wake wa mtaa wa Ayany. Uyoga mweupe, mzuri. Bado kuna baridi kidogo.

Shida ni Januari. Mabati yakichemka kwa jua, vichwa vya uyoga mweupe hukauka vikiwa vidogo kama njugu. Mwaka huu tulipoteza wote. Mama ameshasema: ikitokea tena, anamrudishia landilodi ufunguo wa chumba na kurudi kufua nguo za watu. Nakumbuka vidole vyake wakati ule. Sitaki.

Senje Rispa, dada yake baba, anakuza uyoga wa kijivu kule Kawangware. Huo hauogopi joto. Lakini wateja wa Ayany wakiuona wanadhani umeoza. Madam Nekesa, mwalimu wetu wa Biolojia, anasema ni spishi moja na wetu, rangi tu ndiyo tofauti. Kwa hivyo unaweza kuchanganywa. Nataka mmoja wenye rangi ya kwetu na moyo wa Kawangware. Nimeyaandika hapa ili baadaye nisione haya kuyasema.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimehamisha spora zote, vumbi la mbegu linalodondoka chini ya vichwa, kwenye maabara ya shule. Moja moja hazionekani hata kwa lenzi, ila zikishaota huwa nukta nyeupe kwenye ute wa viazi unaozilisha. Kila nukta nimeipa chupa yake. Chupa kumi na mbili za mweupe, kumi na mbili za kijivu. Zimeandikwa kwa kalamu isiyofutika.

Madam ametueleza tena. Uyoga hauna dume wala jike. Kila spora ina alama mbili, A na B, na kila alama ina namna nyingi. Spora mbili huoana tu zikitofautiana kwa alama zote mbili. Moja ikifanana, basi. Uyoga mmoja hutoa spora za aina nne, na kila aina hupata mwenzi katika aina moja tu ya ndugu zake. Lakini spora za uyoga wa mbali huoana karibu zote. Zikioana, nyuzi zake huota kifundo kidogo kwenye kila kiungo. Kifundo ndicho cheti cha ndoa.

Akinyi, jirani yangu darasani, ameniita mshenga. Darasa zima sasa wananiita hivyo. Sijali sana.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimemweleza Mama tukichambua sukuma. Nilifikiri A na B zitamchosha. Aliacha kisu akanitazama.

"Si ni kama sisi tu? Huolewi ukoo wa baba yako, huolewi ukoo wangu. Lazima mtu awe mgeni pande zote mbili."

 Nimesoma ukurasa wa alama hizo mara nne na sikuwahi kuona hivyo. Kisha akauliza kama uyoga nao hulipiwa ng'ombe. Tulicheka mpaka mama wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku nzuri. Nimechagua chupa zenye nguvu, zile ambazo nyuzi zimejaa haraka. Sita za mweupe, sita za kijivu. Nimefanya kama Mama anavyofanya na miche ya sukuma kwenye gunia: yenye afya inabaki, iliyodumaa inang'olewa. Nimeoanisha hizo kwenye visahani, mweupe na kijivu, kila jozi uso kwa uso.

Zile kumi na mbili zilizodumaa nitampa Senje Jumapili. Yeye huuza njugu za kusaga na kila mara analilia chupa ndogo.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimekosea. Nimekosea kabisa.

Nilitazama visahani kwa hadubini na nikaona vifundo kila mahali. Nilitaka kupiga kelele. Madam hakufurahi. Aliniagiza nitazame chupa zenyewe, zile za kabla ya kuoanisha. Vifundo pia. Vimejaa.

"Hawa walikuja kwako wakiwa na wenyewe, Nasimiyu," alisema.

Zile nukta zenye nguvu hazikuwa spora moja moja. Zilikuwa spora mbili za uyoga mmoja zilizoangukiana, zikaoana kabla sijazigusa. Ndiyo maana zilikimbia. Spora iliyo peke yake huota polepole, nyembamba, kama inaona haya. Zile nilizozidharau ndizo nilizozihitaji, na nimeshampa Senje. Kwa wiki tatu nimekuwa nikilea harusi za ndugu kwa ndugu.

Shule inafungwa Ijumaa. Nikianza upya, sitawahi Januari. Sikula jioni.

Jumatano, 22 Oktoba

Baada ya shule Mama aliniambia nivae viatu. Tumetembea hadi Kawangware, yeye mbele. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba yeye ndiye alinifundisha kung'oa vidogo, kwa hivyo kosa ni letu wawili.

Senje alikuwa nje, mikono kwenye karai la povu. Chupa saba zilikuwa zimeanikwa, safi, zinang'aa. 

"Senje, umeosha!"

"Sasa nisioshe? Umeniletea ukungu niwalishe watu?"

Tano zilikuwa bado kwenye ndoo, na vifuniko havijafunguliwa. Mbili za mweupe, tatu za kijivu. Senje alinitazama nilivyozikumbatia akasema huyu msichana wetu akiolewa atalilia sufuria. Kisha akatupa chai na mandazi, na akanifungia chupa kwenye leso yake ya kanisani ili zisigongane.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimezitazama zote tano kwa hadubini, polepole, mara mbili. Hakuna kifundo hata kimoja. Kila moja iko peke yake. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kutoona kitu.

Mbili mara tatu ni sita. Jozi sita ziko kwenye visahani.

Jumanne, 4 Novemba

Madam alinifungulia maabara ingawa ni likizo. Kisahani kimoja kimeshikwa na ukungu wa kijani. Nimekitupa. Katika vitano vilivyobaki, pale nyuzi za mweupe na za kijivu zilipokutana, kuna vifundo. Vidogo, vimepinda kama kiwiko. Madam naye alitazama. Alinipa mkono kama mtu mzima.

Nilimwandikia Akinyi: mshenga amefaulu. Alinijibu kwa kuuliza pilau iko wapi.

Jumatatu, 24 Novemba

Mtama uliochemshwa, niliopandia nyuzi za kila jozi ili uwe mbegu, umekuwa mweupe katika mitungi yote mitano. Unanuka vizuri, kama mvua. Mama ananusa kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Anadhani simwoni.

Jumamosi, 13 Desemba

Tumejaza mifuko kumi na mitano ya mbegu yangu, mitatu kwa kila jozi, na mingine kumi ya mweupe wa zamani ili tulinganishe. Tulichemsha majani ya mahindi kwenye pipa kutwa nzima. Macho yananiwasha kwa moshi. Krismasi hatuendi nyumbani kijijini. Mama amesema wageni hawa wanahitaji mtu wa kukaa nao. Nimeona amewaita wageni.

Jumamosi, 17 Januari

Joto. Nimefunika mabati kwa magunia yaliyolowa na yanakauka kabla sijashuka. Vichwa vya mweupe wa zamani vimeanza kunyauka, vile vile kama mwaka jana.

Jozi zangu tatu za kwanza zimetoa vichwa leo na tayari kingo ni kahawia. Ya nne na ya tano bado hazijatoa kitu. Mama jana alimsimamisha mama mmoja wa Ayany na kumuuliza kama bado anatafuta mtu wa kufua. Hakuniambia. Nilisikia. Nina hofu na nina hasira, na sina wa kumkasirikia.

Alhamisi, 22 Januari

Jozi ya nne imekauka. Ya tano imetoa vichwa.

Sitaandika zaidi. Naogopa kuvitazama sana.

Jumatatu, 26 Januari

Vimefunguka! Mifuko yote mitatu ya jozi ya tano. Vipana kama kiganja changu, vimepangana, kingo laini. Joto ni lile lile. Mifuko iliyo kando yake imekufa.

Si vyeupe. Ni rangi ya uji wa wimbi uliotiwa maziwa mengi. Niliogopa wateja. Mama aliutazama muda mrefu, akaupindua, akaunusa. Akasema atakayeuita huu umeoza, yeye mwenyewe ndiye ameoza.

Jumapili, 1 Februari

Tumetoka kanisani mapema. Mama alikaanga kidogo kwa kitunguu, tukala na ugali, na Senje akaja na njugu zake. Jana karai lote liliisha Ayany. Yule mama wa kufuliwa nguo alinunua pia, akauliza uyoga huu umetoka wapi.

"Baba yake ni wa Kawangware, mama yake ni wa Kibera," Mama alimjibu.

Nilitaka kumwambia hakuna baba wala mama. Niliacha.

Ufunguo wa chumba uko kwenye msumari wake. Nilipoingia kunyunyizia maji jioni, nilikuta Mama ameshachagua kichwa kimoja kizuri na kukilaza juu ya karatasi ya foili, uso chini, na kukifunika kwa bakuli ili kidondoshe spora. Sikuwa nimemwomba. Kando yake alikuwa amepanga chupa tupu, zimeoshwa, na kwenye kila moja amebandika kipande cha karatasi kisichoandikwa kitu.

Nimetafuta kalamu yangu.