Shangazi Hakuja Kula Nyasi

Kijiji cha Ujamaa,
Ugogo, Dodoma.

Mama mpenzi,

Pokea salamu za mwanao Kokugonza kutoka huku kwenye vumbi. Mimi ni mzima. Kile kifua kilichonisumbua wakati wa baridi kimepona, na siku hizi nakula mlenda bila kukunja uso. Nyie hapo Buganguzi hamjambo? Mgongo wako unaendeleaje? Migomba ya nyuma ya jiko imesimama, au upepo umeilaza tena? Nauliza mengi kwa sababu barua yako ya mwisho ilikuwa fupi, tena kwa mwandiko wa Katekista. Anasema unahudhuria darasa la watu wazima, na kusoma sasa unasoma kidogo kidogo, ila kuandika umekataa katakata mpaka herufi zako zinyooke. Nilicheka sana niliposoma hapo, halafu nikajicheka na mimi mwenyewe. Sababu utaipata huko mbele. Katekista, tafadhali msomee polepole, na usiruke kitu.

Mama, unajua nililetwa huku kuwa Bibi Maendeleo. Nilipofika tu, akina mama wa kijiji waliniambia shida yao. Shamba la kijiji liko mbali na nyumba, na siku ya kazi ya pamoja kila mtu lazima aende. Mtoto mchanga anabebwa mgongoni. Lakini huyu aliyekwisha kujua kutembea na hajui bado kuogopa, aachwe na nani? Waliniomba niwafungulie chekechea. Nikawaambia, hilo limekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza halijaanza. Nilichora jengo. Nikataka matofali ya kuchoma, madirisha pande zote mbili, sakafu ya saruji, vyoo vidogo vya kuwatosha wenyewe, na kila mtoto kikombe chake. Nikafuta, nikachora tena, mlango utazame mashariki. Wanaume wakafyatua matofali, mimi nikayapitia moja moja na kuyakataa yaliyopinda. Yaliyobaki yakalowa kwa mvua ya kwanza kabla hayajachomwa, yakarudi kuwa udongo. Nikasema tutaanza upya msimu ukipita. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mmoja mpole lakini ulimi wake mkali, akanikuta na karatasi zangu, akaniambia, "Bibi Maendeleo, jengo lako likija kuisha, hawa watoto watakuwa wameoa." Watu wakacheka. Mimi nikaingia ndani nikalia.

Ukweli nilikuwa naogopa, Mama. Niliogopa waseme huyu Mhaya aliyesomeshwa ametuletea kitu cha ovyo. Kila asubuhi nilijiambia nianze leo, na kila asubuhi nilipata kasoro mpya ya kunizuia. Kulala nilikuwa silali vizuri, na chakula kilikuwa hakipandi.

Sasa nikuambie habari ya Daudi. Ni mtoto wa jirani yangu, ana miguu minene na hanyamazi. Mama yake alikuwa akimwacha kwa bibi yake ambaye macho yameshapunguza nuru. Siku moja ya palizi bibi akasinzia, Daudi akaondoka. Tulimtafuta nyumba kwa nyumba, mpaka mchungaji mmoja wa ng'ombe akapiga kelele kutoka kwenye lambo, lile bwawa la kunyweshea mifugo. Mama, nilikimbia sijui kwa miguu ya nani. Tukamkuta amekaa ukingoni kabisa, maji yanamfika magotini, anafinyanga tope na kuimba. Hakuwa na jeraha hata moja. 

Nilidhani mama yake atanitukana. Hakunitukana. Alimbeba na tope lake, akaja naye mpaka mlangoni kwangu, akamkalisha kwenye kizingiti. Akasema, "Mshike huyu. Mimi narudi shambani." Akaenda zake.

Nikabaki na Daudi tunatazamana. Na unajua kitu cha kwanza nilichofanya? Niliangalia sakafu yangu ya udongo, nikaanza kuwaza nitapata wapi nyasi za kumtandikia kama tunavyomtandikia mgeni huko kwetu. Nyasi, Mama! Huku ambako hata mbuzi wanazitafuta hawazioni.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Shangazi. Unakumbuka siku ile alipotutembelea kutoka Rubafu, na furushi la samaki wakavu kichwani, na mvua inanyesha? Ulimzuia mlangoni kwa sababu nyasi za ndani zilikuwa za juzi. Ukatutuma sisi watoto na mundu tukakate mpya, tukaleta zinazochuruzika maji, ukazikataa, ukatutuma tena. Shangazi amesimama chini ya upenu, analowa bega moja. Mwisho akasema, "Wifi, waitu, mimi sikuja kula nyasi! Nipe pa kukaa." Akaingia, akajibwaga juu ya zile za juzi, akadai kahawa yake ya kutafuna. Ulinuna mpaka jioni. Lakini mimi nakumbuka vicheko vya siku ile kuliko siku zote ulizotandika vizuri.

Basi nilicheka peke yangu, nikatandika ngozi ya ng'ombe, nikampa Daudi uji wa uwele kwenye kibuyu changu mwenyewe. Kesho yake mama yake akamleta tena, na wenzake wakaja na wa kwao, kila mmoja na kipande cha kanga cha mtoto kukalia. Vikombe hatuna, tunapokezana vibuyu. Ukuta wa jengo umeanza kupanda, na umepinda upande wa kusini, nauona kila siku na nauacha. Mwenyekiti anapita, anachungulia, anasema, "Mbona hawajaoa?" Sasa nacheka naye. Na usingizi, Mama, nalala kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Nisalimie baba yetu, Tata, mwambie tumbaku nitamletea mwenyewe nikija likizo. Nisalimie dada na mume wake kule Nyanga, na yule mdogo wetu anayechunga, na mama mkwe wa dada aliyenipa senene wa safari, niliwala wote kabla meli haijafika Mwanza. Na Shangazi wa Rubafu akija, mkaribishe kwa nyasi zozote utakazokuwa nazo, umwambie kaniokoa.

Ombi langu ni moja. Najua uko hapo kwenye kigoda, unasikiliza na kufikiri kwamba herufi zako bado. Zije zimelala, zije zimepanda mlima, nitazisoma. Mimi sijawahi kuuona mwandiko wa mama yangu.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Kokugonza.

Katekista, asante kwa kusoma. Sasa mpe Mama kalamu.