Mzee Masanja Anarudi Kasoli

Bariadi, Jumatano jioni

Daktari ameniudhi leo. Asubuhi alisema Mzee Masanja aruhusiwe mara moja, kitanda kinahitajika. Ni kweli, lakini mara ya kwanza tulimruhusu harakaharaka, akarudi kidonda kimeoza, nusura akatwe mguu.

Sista Getruda, mkuu wetu wa wodi, hakubishana. "Daktari, tupe mpaka kesho. Tukimwandaa vizuri hatarudi." Akakubali shingo upande.

Tukagawana kazi. Sista akawaagiza wauguzi wa zahanati ya Kasoli wawe wanamtazama. Muuguzi mwenzangu Juma akatafuta lori la wanunuzi wa pamba wanaopita Kasoli, limfikishe mzee nyumbani. Mimi nikabaki na mkewe, Mama Nkwimba.

Kila nilichomweleza kwa Kiswahili alijibu, "Ndiyo," lakini niliona haelewi. Nikageukia Kisukuma, nikamwita mayu, yaani mama: "Mayu, hebu nionyeshe." Akashika bendeji, kisha akairudisha.

"Nikimuumiza je?"

"Nipo hapa."

Tulisafisha kidonda pamoja, kisha akakifunga peke yake. Mzee akacheka, "Sasa nina nesi wangu!"

Sitaficha, nahofia maji machafu ya kule. Nimemsisitizia mama ayachemshe kila mara, ila sijui kama kuni zitatosha.

Lakini jioni daktari alipopita, Mama Nkwimba hakusubiri kuulizwa. Alinawa, akafungua kidonda, akakisafisha na kukifunga mbele yetu sote. Daktari akainama, akalikagua fundo la mwisho.

"Kesho aende," akasema. Safari hii hata mimi nilikubali.