Thubutu!

Kaka yangu mpendwa,

Huku hatujambo. Sabuni ulizotuma zimefika. Mama amezifulia mara moja tu na mikono inamwasha, ila kwa majirani bado anakusifu.

Pole kwa kufunga kiwanda chako cha sabuni. Uliponiuliza kama uache umeneja ukajiajiri, nilikujibu neno moja: "Thubutu!" Nilikuwa nakukataza, kaka. Wewe ukadhani nakutia moyo, ukaja kuniaga pale ofisini kwetu ukinishukuru huku machozi yanakutoka. Ningeweza kukusahihisha palepale, lakini mgongo ulikuwa ukiniuma na macho yangu yalikuwa kwenye kiti chako cha kuzunguka.

Mgongo hauniumi tena. Barua yako ya kuomba kurudi kazini iko mezani kwangu. Jibu langu ni lilelile, na safari hii ulielewe.

Dada yako,
Meneja