Tai wa Mgunga wa Mtoni

Tunduma, 2 Mei 2004

Mpendwa Baba,
Shikamoo. Natumaini u mzima na mifugo haijambo. Mimi mzima, ila vumbi la malori ya mpakani limenikaa kifuani.

Watson wa basi amenifikishia barua yako, nimeisoma mara tatu. Tai wawili wenye vichwa vyeupe, pete miguuni, wamejenga kiota kwenye mgunga wako. Baba, hao ni wetu. Tuliwapokea hapa wakiwa makinda kwenye makreti kutoka Zambia, tukawalisha samaki kupitia tundu la ubao ili wasione binadamu, maana tai akizoea watu haishi muda mrefu. Tuliachia kumi na wawili. Tangu wale wa zamani waishe mto Momba, hao ndio wa kwanza kutaga. Wasipokuza kinda mwaka huu, mradi wetu wa kuwarudisha tai unafungwa Desemba. Nakuomba ulinde mti huo.

Dawa ya kupe uliyoagiza nimempa Watson.

Mwanao,
Restuta

Chitete, 20 Juni 2004

Mwanangu Restuta,
Marahaba, mama. Sisi wazima, ni goti tu linanisumbua. Mama yako mdogo anakusalimu sana.

Kinda limetotolewa, ni moja. Baba yake analeta kambare, mama yake anamlisha vipande vidogo vidogo. Wachungaji wote nimewakataza kupita pale. Watu wanacheka eti Msukuma kahama na ng'ombe mia, sasa anachunga ndege. Waache wacheke.

Fisi wamerudi, wamekula ndama wawili. Hilo usijali, nitawashughulikia kama siku zote.

Baba yako,
Sadock

Tunduma, 1 Julai 2004

Baba,
Shikamoo. Mimi mzima. Hiyo "kama siku zote" ni vipi? Tafadhali usitie sumu kwenye mzoga. Tai hawa hula mizoga pia, nilisahau kukuambia. Nakusihi.

Mwanao,
Restuta

Chitete, 9 Julai 2004

Mwanangu,
Marahaba. Barua yako imefika leo, basi lilikwama korongoni siku sita. Tai walikufa Jumatatu.

Nilipaka ile dawa ya kupe kwenye mzoga wa ndama, kama tulivyofanya tangu Usukumani. Fisi mmoja alikufa. Asubuhi nikawakuta tai kando yake, mmoja ameshika nyama bado. Nimewafukia pamoja na mzoga. Pete zao nimezifunga humu kwenye kitambaa. Nilikaa pale mpaka ng'ombe wakarudi zizini wenyewe. Kinda bado linalia kule juu.

Niambie la kufanya, mama.

Baba yako,
Sadock

Tunduma, 11 Julai 2004

Baba,
Pete zimefika. Sikulia. Nimeziandika kwenye daftari, na penye sababu ya kifo nimeandika sumu. Sikuandika ya nani. Dawa nilinunua mimi.

Kinda anataka samaki asubuhi na jioni. Jifunike gunia usoni, usiseme neno, asikuone kabisa. Ofisi hawatamtuma mtu. Na mimi siji.

Restuta

Chitete, 2 Septemba 2004

Mwanangu Restuta,
Shikamoo yako haikuja, lakini mimi naitikia. Marahaba.

Nilikata miti, nikafunga ngazi ya milunda hadi kiotani. Siku hamsini nimepanda na goti hili, gunia kichwani, kambare mkononi. Mama yako mdogo alidhani nimerukwa na akili. Sikumsemesha ndege yule hata mara moja, ingawa kuna siku nilitamani kumwomba radhi.

Jana ameruka. Alivuka mto, akatua ng'ambo, akarudi, na jioni akakamata samaki wake mwenyewe, mdogo tu. Nilikuwa nimeshavua gunia. Akapita juu ya kichwa changu asinitambue, ndivyo ulivyotaka. Nilidhani nitafurahi. Nilisimama tu pale, gunia mkononi, sisikii kitu moyoni.

Waambie ofisini kinda lipo. Ile sababu kwenye daftari, andika jina langu.

Wewe, mama, nilikulisha uso wangu ukiuona. Basi la Watson hushuka huku kila Jumanne na Ijumaa.

Baba yako,
Sadock