Kapteni Josia Rugaibula: Rubani Aliyerudi Kumfuata Mwenzake

Tata, baba yetu mpenzi, mwaka umetimia tangu tulipokulaza kibanjani kwako Kaagya, kando ya mibuni uliyoipanda mwenyewe. Nyumba bado haijazoea.

Tunakumbuka ulivyopalilia huku ukiimba besi za kwaya ya usharika. Ndege ikipita kwenda kutua Bukoba ulisimama, ukaisikiliza mpaka sauti ipotee. Tukikuuliza jicho la kushoto lilipotea vipi, ulijibu, "Vita vya Kagera," ukaomba maji ya kunywa. Habari yenyewe alitusimulia rafiki yako Hamidi, rubani mwenzako wa vitani, siku ya mazishi yako.

Mlitumwa wawili, kila mmoja na ndege yake ya kivita, kulipua mizinga ya adui iliyokuwa ikivishambulia vijiji vyetu kutoka ng'ambo ya mto. Mabomu ya kwanza yalipiga shabaha. Mlipogeuza kurudi, ndege ya Hamidi ikapigwa. Injini ikafuka moshi, akashindwa kupanda juu, na mizinga ya kutungulia ndege ikawa inamfuata.

"Josia, nenda! Mimi nimekwisha," alikuambia redioni.

"Shika usukani, elekea ziwani. Nakuja."

Kituoni wakakuamuru urudi. Ulikuwa umebakiwa na bomu moja. Uligeuka, ukaishukia ile mizinga ili imwache yeye ikupige wewe. Hamidi alisema aliona moto wote ukihama kutoka kwake kwenda kwako, akalia humo humo ndani ya ndege. Bomu lako lilipoanguka, mizinga ikanyamaza. Lakini kioo cha mbele yako kilikuwa kimepasuka, vipande vimekuingia jichoni.

Ukamsindikiza hivyo hivyo, damu usoni, hadi juu ya ziwa upande wa Rubafu. Akaruka kwa mwavuli. Mafuta yako yalikuwa yanaisha, nawe ukazunguka, ukazunguka tena. Hukuondoka mpaka ulipoona mtumbwi wa watu wa Rubafu umemfikia. Ulipotua, injini ilizimika kabla ndege haijasimama.

Hukurusha ndege tena. Vita vilipokwisha ulikwenda Muleba kumposa Mama, bandeji ingali jichoni. Wajomba walipoguna, ukasema, "Hili lililobaki linamwona vizuri." Mama bado anacheka akilisimulia hilo.

Unakumbukwa na mkeo Alistidia. Wanao Hellen, Isaac na Klaudia. Dada yako Joviana. Wakwe, wajukuu na wanakwaya wenzako. Unakumbukwa pia na Hamidi na mkewe Maulida, pamoja na watoto na wajukuu wao. Siku ya mazishi Hamidi aliwasimamisha wote mbele ya kaburi lako, akasema, "Hawa wote ni wa Josia."

Hatutaacha kulitaja jina lako, Tata.