Klorini Ilipoisha

Jumatatu, 3 Machi
Zamu ya asubuhi. Nimepima maji ya tangi kubwa: klorini sifuri. Dramu ya mwisho tuliikwangua Ijumaa, na muuzaji amekataa kuleta nyingine mpaka kampuni yetu ya maji imlipe. Huko juu ya mto, pampu yetu ya maji taka imekatiwa stima. Uchafu wa mji wote unaingia mtoni, na sisi tunachota chini yake. Meneja ameniambia niandike sifuri nukta tano kwa rejista, kipimo cha maji salama, ati ni ya siku mbili tu. Nimeandika. Miezi mitatu sijalipwa. Nikifutwa nitadai kwa nani?

Jumatano, 5 Machi
Mwenye hoteli pale stendi amenisimamisha kunishukuru. Ati siku hizi maji yetu ni matamu, chai haina tena ile harufu ya dawa. Huku watu hupima maji kwa chai. Chai ikitoka vizuri, basi maji ni safi. Nikacheka naye. Nimejichukia njia nzima.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua. Mto una rangi ya ugali wa wimbi. Sifuri tena. Nukta tano tena.
Nyumbani nachemsha maji yangu nikiwa nimejifungia. Mama Chela, jirani yangu, anachota mfereji uleule na kumpa mtoto vivi hivi. Mbona sijamwambia? Woga. Ni woga tu, hakuna kingine.

Jumapili, 9 Machi
Sikuenda kanisa. Chela anaharisha tangu jana. Miaka minne tu! Mama yake anamkorogea glukosi kwa maji ya mfereji. Nimekimbia na jagi langu: mpe haya, yamechemshwa. Akauliza, kwani ya mfereji yana nini? Nikasema ni mvua.
Uongo juu ya uongo. Mungu nisamehe.

Jumatatu, 10 Machi
Chela amelazwa. Macho yameingia ndani, hata kulia hawezi.
Nimefika kazini, nikapima. Nikaandika sifuri. Nikarudi nyuma, nikasahihisha wiki nzima kwa kalamu nyekundu. Nikapiga picha ukurasa huo na kuituma kwa grupu ya akina mama wa kanisa: chemsheni maji, hayana dawa, rejista nilidanganya mimi.
Kabla ya saa sita meneja alikuwa amenipigia. Nisirudi.
Potelea mbali. Lakini nitakula nini?

Alhamisi, 13 Machi
Chela ametoka hospitali. Amekonda, shingo kama ya kifaranga, lakini yuko. Asante Mungu.
Nilikuwa nikianua nguo walipofika. Mama Chela hakunitukana. Nilitaka anitukane.
"Mama Vero," akasema, "hiyo wiki yote, wewe ulikuwa unakunywa maji gani?"
"Yangu nilikuwa nachemsha."
Akamshika Chela mkono. "Sawa," akasema, akaingia kwake na mtoto.