Kitambaa juu ya kompyuta

Nasri, nusura nipoteze tasnifu yangu leo.

Unaikumbuka kompyuta niliyoiunda isiwe na kelele, feni moja kubwa ya kuzunguka taratibu, ili mama mkwe apumzike sebuleni baada ya upasuaji?

Nimerudi kutoka Kijenge nimekuta ameifunika. Kitambaa cha kufuma, kama cha redio, na juu yake kanga. Kanga, Nasri. Matundu yote yamezibwa. Imejizima yenyewe, boksi halishikiki kwa joto.

Nikamuuliza, "Mama, kwa nini?"

"Mwanangu, ilikuwa kimya. Nilijua umeizima."

Ilikuwa kimya. Ndivyo nilivyotaka.

Nimesubiri ipoe, nimewasha. Sura zote za tasnifu zipo.

Sasa amekaa kando yake. Kila mara anaigusa kwa kiganja, kama paji la mtoto mwenye homa.